Mkataba wa matengenezo ya nyumba Dar: jinsi ya kujua kama utakulipa kabla hujatoa hela

Malalamiko ni yaleyale kila siku. Mtu kalipia mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima, au kachukua waranti ya kuongeza pale dukani, friji imekufa, kapiga simu, kaambiwa hiyo haimo. Hela imeenda. Ukimuuliza kama aliusoma ule mkataba anakwambia alisoma bei na ile orodha ya mbele yenye vitiki.

Kuna nyumba ambayo huu mkataba unalipa kabisa na kuna nyumba ambayo ni kutupa hela, na tofauti yake haionekani kwenye tangazo, inaonekana ukikaa chini na kalamu. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Dar, iwe unaishi mwenyewe Goba au umepangisha Sinza na wewe uko Mwanza. Twende hatua kwa hatua, na tafadhali usiruke hatua ya 4 maana hapo ndo wengi wanapigwa.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Mkataba wenyewe wote, kurasa zote. Kipeperushi sio mkataba, na picha aliyokutumia sele (mtu wa mauzo) WhatsApp sio mkataba.
- Risiti za EFD na kadi za waranti za vifaa vyako, hata zile zilizofifia. Risiti ya EFD inafutika haraka, ipige picha leo.
- Picha ya kile kibao cha modeli na namba ya kifaa, nyuma ya friji, ubavuni mwa AC, kwenye pampu.
- Bei za ufundi na spea za mtaani kwako, za saivi, sio za mwaka juzi.
- Daftari au simu ya kuandikia, pamoja na kalkuleta.
- Multimita ndogo ya kupimia umeme. Kariakoo zipo za bei rahisi tu.
- Kama unaishi apatimenti, ile karatasi inayoonyesha servisi chaji inalipia nini.

Mtu asiyekuwa na mkataba kamili asiendelee. Aombe kwanza, na wakimwambia "lipia kwanza alafu tutakutumia" basi jibu kashapata.

Hatua ya 1: Jua unachouziwa ni kipi

Kuna mambo matano watu wanayachanganya, alafu wanadai la kwanza kwa karatasi ya la tatu.

Waranti ya kiwanda inakuja bure na kifaa. Inahusu kasoro ya utengenezaji, basi. Umeme ukiunguza bodi, hiyo kwao sio kasoro ya kiwanda.

Waranti ya kuongeza unalipia dukani wakati unanunua. Hapa angalia tarehe ya kuanza. Unaweza kuuziwa "miaka 2" kumbe mwaka wa kwanza ulikuwa wa kiwanda tayari, kwahiyo umelipia mwaka mmoja kwa bei ya miwili.

Mkataba wa servisi ni kampuni inakuja kwa ratiba, inaosha AC, inakagua pampu, inaondoka. Kikiharibika kitu, kutengeneza ni bei nyingine.

Mpango wa matengenezo wa nyumba nzima ndo ule wa Kimarekani. Unalipa ada ya mwaka, kitu kilichoorodheshwa kikifa kwa uchakavu wa kawaida wanaleta fundi.

Bima ya nyumba ni ya majanga: moto, radi, mafuriko, wizi, kutegemea na ulichochagua. Bima haitengenezi pampu iliyochoka.

Sasa hapa niseme kitu kuhusu hizi video za Marekani zinazosifia huu mpango wa nyumba nzima, maana ndugu zetu walio uko wanatushauri kwa upendo kabisa. Uko mpango wa nyumba nzima ni mamia ya dola kwa mwaka, alafu kila fundi akija unalipa tena ada yake, mara nyingi kama dola 75 hadi 125. Mara nyingi kuna siku 30 za kusubiri ndo uanze kudai, kuna ukomo kwa kila kifaa, na kitu kilichokuwa kibovu tangu mwanzo hawakigusi. Na hata uko watu wanabishana kila siku kama unalipa au haulipi. Ila wao wana sababu moja ambayo sisi hatuna: kwao saa moja ya fundi ni hela ndefu, na mtambo wa kupasha joto au kupoza nyumba nzima kuubadilisha ni maelfu ya dola. Huku kwetu ni kinyume. Ufundi ni nafuu, spea ndo inauma. Fundi atakudai elfu 30 au 40 kwa kazi ambayo spea yake ni laki tatu.

Kwahiyo swali la kwanza la kumuuliza anayekuuzia Dar sio "mnakuja kwa haraka gani", ni "spea mnalipa nyinyi au nalipa mimi?" Kama wanalipa ufundi tu, wamekuuzia kile cha rahisi na wamekuachia kile cha ghali.

Ukiweza kuandika kwa sentensi moja "hiki ninachouziwa ni aina fulani, wanalipa hiki, hawalipi kile", hatua ya 1 umeimaliza.

Hatua ya 2: Orodhesha vifaa vyako na kinachoviua

Chukua daftari uzunguke nyumba. Andika kifaa, umri wake, kimeshatengenezwa mara ngapi, na muhimu zaidi, hapo kwako kinakufa kwa sababu gani. Hii ya mwisho ndo itakayokuokoa, maana mikataba inaandikwa kwa sababu za kuharibika, haiandikwi kwa majina ya vifaa.

Dar ina wauaji watatu wakubwa.

Umeme. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Pima na multimita saa 5 asubuhi, alafu pima tena saa 2 usiku watu wote wamerudi makwao na AC zinawaka, utashangaa. Maeneo mengine unashuka mpaka friji inaunguruma tu haigandishi. Unaporudi baada ya kukatika unarudi kwa kishindo, na waya wa nyutro ukilegea kwenye nguzo ndo balaa lenyewe, volti zinapanda na kila kilichochomekwa kinaondoka pamoja. Kompresa ya friji, bodi ya AC ya inveta, tivii, chaja ya geti, vyote hivi adui yao wa kwanza ni umeme.

Chumvi ya hewani. Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi, Msasani, popote upepo wa bahari unapofika moja kwa moja, mashine ya nje ya AC inaliwa. Yale mapezi membamba ya alumini yanageuka unga, bomba linatoboka, gesi inavuja. Fundi wa juujuu anakuja anajaza gesi anaondoka, baada ya wiki chache uko palepale, unalipia gesi kila mara na tundu lipo.

Maji ya kisima. Wengi tuna kisima au tunachanganya kisima na DAWASA. Maji ya chumvi yanakula koki, yanaziba bomba la mvua, yanafunga elementi ya hita kwa utando mweupe. Ndani ya hita nyingi za tangi kuna kijiti cha magnesiamu kinachowekwa ili chumvi ikile chenyewe badala ya kula tangi. Kikiisha usipokibadilisha, tangi linatoboka, na tangi likitoboka hakuna kutengeneza ni kununua jipya. Pampu nayo inakufa kwa kuzunguka bila maji siku za mgao, dawa yake ni boya la umeme linaloizima tanki la chini likiisha, kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na pampu.

Ongeza na mambo madogo: soketi zilizoungua, sinki linaloziba, chemba inayofurika masika, dari ya jipsamu yenye madoa kwa sababu bati limetoboka. Hivi vinakula hela kidogokidogo bila wewe kuona.

Onyo: usiandike "friji – nzima". Andika "friji – miaka 6, kompresa ilibadilishwa mara moja, iliungua baada ya umeme kurudi". Ukimaliza utakuwa na ukurasa mmoja au miwili, na utakuta vifaa vitatu au vinne ndo vinavyokula karibu hela yote ya matengenezo.

Hatua ya 3: Futa vilivyolindwa tayari

Watu wanalipia kitu mara mbili. Pitia orodha uchore mstari kwenye:

Vifaa ambavyo waranti ya kiwanda bado ipo. AC nyingi za inveta kompresa inapewa miaka mingi kuliko mashine nyingine, soma kadi.

Nyumba mpya. Kama umejengewa na mkandarasi kwa mkataba wa maandishi, kwa kawaida kuna kipindi cha kurekebisha kasoro baada ya kukabidhiwa, mara nyingi miezi 6 au 12, na kuna hela ya mkandarasi unayoizuia mpaka kipindi kiishe. Bomba linalovuja ndani ya ukuta mwezi wa nne sio kazi ya mkataba mpya, ni kazi yake yeye. Mpigie na mwandikie.

Apatimenti. Lifti, jenereta, pampu kubwa, walinzi, taa za ngazi, hivyo vinalipiwa na servisi chaji. Mkataba wako uangalie vya ndani ya mlango wako tu. Mtu anakuuzia "mfumo wa maji" ghorofa ya 7 wakati pampu iko chini na ni ya jengo zima, anakuuzia hewa.

Vilivyobaki baada ya kufuta ndo unavyovipigia hesabu. Kama vimebaki viwili tu, funga daftari nenda hatua ya 8.

Hatua ya 4: Soma wanachokataa kabla ya wanachokubali

Geuza mkataba usome kutoka nyuma. Tafuta sehemu ya yasiyohusika, iko mwishoni na maandishi yake madogo. Chukua kalamu nyekundu, alafu weka orodha yako ya hatua ya 2 pembeni.

Tafuta haya:

*Umeme.* "Uharibifu utokanao na kupanda au kushuka kwa umeme hauhusiki." Sentensi hii ikiwemo, rudi kwenye orodha yako ufute kila kifaa ulichoandika muuaji wake ni umeme. Kwa nyumba nyingi za Dar hapo umefuta nusu ya ulichokuwa unalipia.

*Kutu na chumvi.* Kama uko Kigamboni na hiki kimekataliwa, AC zako za nje hazina mkataba hata kama zimetajwa kwa jina ukurasa wa kwanza.

*Ubora wa maji.* Hita, koki, mashine ya kufulia.

*Ubovu wa awali.* Wanasema kitu kilichokuwa na tatizo kabla ya mkataba hawakigusi. Sawa, ni haki yao, ila nani anathibitisha? Dai ukaguzi wa kuanzia wenye maandishi na picha, na wasaini kuwa siku hiyo kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Bila hiyo karatasi wana uhuru wa kusema chochote kilikuwa kibovu.

*Servisi ulizoruka.* Wataomba ushahidi kuwa ulikuwa unahudumia kifaa. AC isiyooshwa mwaka mzima wataikataa.

*Fundi wa nje.* Ukimuita fundi wa mtaani hata mara moja kugusa kifaa, mkataba umekufa. Hili lifikirie kwa makini, maana Jumapili usiku bomba limepasuka na wao hawapokei simu, utafanyaje? Dai waandike kuwa wasipofika ndani ya saa kadhaa una ruhusa ya kuita fundi wako kwa dharura na risiti italipwa.

*Ukomo.* Kiasi cha juu kwa kila kifaa na kwa mwaka mzima. Andika hizo namba mbili kubwakubwa, utazitumia sasa hivi.

*Kutengeneza au kubadilisha.* Nani anaamua? Na wakibadilisha, wanakupa kipya au wanakupa "thamani baada ya uchakavu"? Friji ya miaka 8 thamani yake baada ya uchakavu inaweza isinunue hata mlango wa friji mpya.

Jibu lolote la mdomo halihesabiki. Sele akikwambia "hiyo usijali mama, tunafanyaga", mwambie vizuri tu, niandikie kwa barua pepe yenye jina la kampuni. Akiandika, umepata kitu. Akizungushazungusha, umepata kitu pia.

Baada ya hapa orodha yako iwe na alama mbili, vinavyolipwa kweli na visivyolipwa. Ndo mkataba wako halisi huo.

Hatua ya 5: Piga hesabu, mwaka wa kawaida na mwaka wa balaa

Namba ninazoweka hapa ni za mfano wa kuonyesha njia. Weka za kwako.

Tuseme nyumba ina AC 3, friji, pampu na hita. Mkataba ni 1,200,000 kwa mwaka, kila fundi akija unatoa 30,000, ukomo ni 300,000 kwa kila kifaa. Spea zimo mpaka ukomo, na tuseme kwa wema wa Mungu hata umeme wameukubali. Servisi za AC hazimo ila tuwape na hizo bure ili tusionekane tunawaonea.

Mwaka wa kawaida bila mkataba:
- Kuosha AC 3 mara mbili kwa 40,000: 240,000
- Fundi wa mambo madogo mara 6 kwa 35,000: 210,000
- Pampu kuguswa mara moja: 120,000
- Elementi ya hita: 60,000
- Kompresa ya friji ya 350,000 mara moja kila miaka 4, kwa mwaka ni 87,500

Jumla 717,500.

Mwaka huohuo ukiwa na mkataba: 1,200,000, jumlisha wito 8 wa fundi kwa 30,000 ambao ni 240,000, jumlisha kidogo cha kompresa kinachozidi ukomo, 12,500 kwa mwaka. Jumla 1,452,500. Zaidi ya mara mbili.

Utasema sawa, ila mkataba ni kwa ajili ya mwaka mbaya. Haya tuupige mwaka mbaya. Kompresa ya friji 350,000, kompresa ya AC moja 600,000, pampu mpya 400,000, na yale ya kawaida ya AC, mambo madogo na hita 510,000. Bila mkataba ni 1,860,000. Ukiwa na mkataba: 1,200,000, wito 10 ni 300,000, na vilivyozidi ukomo ni 50,000 kwa friji, 300,000 kwa AC, 100,000 kwa pampu, yani 450,000. Jumla 1,950,000.

Umeona? Hata mwaka wa balaa kabisa mwenye mkataba kalipa zaidi, na kilichommaliza ni ukomo. Toa ukomo hapo anabaki na 1,500,000 na kaokoa 360,000. Ndo maana nimesema uandike ile namba kubwakubwa. Bei ya mkataba peke yake haikwambii kitu, bei na ukomo na ada ya wito ndo vinasema ukweli vikiwa pamoja.

Sasa mfano ambao unalipa. Una nyumba za kupangisha zenye AC 8, wewe haupo Dar. Kuosha mara 3 kwa mwaka kwa 40,000 ni 960,000, na hapo bado shemeji unayemtuma kusimamia hajakupigia simu ya "mafuta ya bodaboda". Kampuni ikikupa mkataba wa servisi tu kwa 800,000, na picha za kabla na baada, chukua. Hapo haununui ahadi ya kitu kinachoweza kutokea, unanunua kazi inayojulikana kwa bei ya jumla na unanunua macho ya kukuangalizia. Kwa mwenye nyumba wa mbali hayo macho yana thamani ambayo kalkuleta haioni.

Kipimo changu: mkataba unaingia akilini kama unashinda mwaka wa balaa kwa wazi na haukuumizi sana mwaka wa kawaida. Ukishindwa miaka yote miwili, acha.

Hatua ya 6: Mkague anayeuza

Hata mkataba mzuri ni karatasi tu kama kampuni itafunga ofisi mwezi wa tano.

Tafuta jina lake BRELA (wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara) mtandaoni uone kama ipo na ina umri gani. Dai risiti ya EFD na ulipe kwa akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni, ukiona jina la mtu binafsi simama hapohapo. Fundi umeme wao awe na leseni ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji), wengine waonyeshe vyeti, VETA au vinginevyo. Uliza ofisi iko wapi alafu nenda, Dar sio kubwa kiasi hicho.

Kama wanaahidi kulipa gharama za matukio yasiyojulikana, hapo wanakaribia kabisa kuuza bima, na bima Tanzania inasimamiwa na TIRA. Waulize nani yuko nyuma yao, kampuni gani ya bima yenye leseni. Swali hili linawanyamazisha wababaishaji vizuri sana.

Hatua ya 7: Wajaribu kabla ya kusaini

Piga namba yao ya dharura Jumamosi usiku, jifanye una swali. Ikiita mpaka ikatike basi. Piga tena Jumatatu asubuhi uulize kampuni iko na mafundi wangapi wa upande wako wa mji, maana fundi wa Mikocheni hafiki Chanika jioni hata akitaka.

Alafu jadiliana. Omba ulipe kwa robo mwaka badala ya mwaka mzima, omba ukomo upandishwe kwa kile kifaa kimoja kinachokusumbua, omba vile usivyovihitaji vitolewe na bei ishuke. Wakikubali hata kimoja kwa maandishi, kuna watu wa kufanya nao kazi hapo.

Hatua ya 8: Hesabu ikikataa, jijengee mfuko wako

Kwa nyumba nyingi za kuishi mwenyewe tutaishia hapa, na sio mbaya hata kidogo.

Chukua jumla ya mwaka wa kawaida ugawe kwa 12. Kwa mfano wetu 717,500 ni kama 60,000 kwa mwezi. Weka 80,000 ili mwaka wa balaa ukukute umejiandaa. Iweke mahali ambapo haishikiki kirahisi lakini inatoka ndani ya siku chache: akaunti ya pembeni benki, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (mfuko wa uwekezaji wa pamoja) ambao ukiuza vipande hela inakuja ndani ya siku chache za kazi. Acha kama laki mbili kwenye simu kwa dharura ya usiku. Sheria moja tu, hela hii haichangii harusi ya mtu.

Mwezi wa kwanza na wa pili, kabla mfuko haujajaa, tumia hela kuua sababu za vifaa kuharibika:

- Frijigadi kwa friji na tivii. Inakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi, na inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, ndo inachookoa kompresa. Nunua yenye uwezo wa kifaa chako, ya friji haifai kwa AC.
- Boya la umeme kwenye tanki la chini.
- Kuosha AC kabla ya joto la Desemba. Aliye karibu na bahari aoshe na mashine ya nje kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.
- Kufungua hita na kuangalia kile kijiti.
- Kupanda juu ya bati na kusafisha mifereji kabla ya masika, yani Februari, sio Aprili maji yanaingia sebuleni.

Na mafundi watatu, bomba, umeme, AC, ambao umewaona kazi zao. Walipe vizuri na kwa wakati, spea nenda kanunue mwenyewe Kariakoo au mpe hela akuletee na cha zamani ukione. Fundi anayeondoka na spea mbovu bila kukuonyesha, huyo muage.

Ukifikisha miezi sita na mfuko haujaenda sifuri, umefanikiwa. Bima ya nyumba bado ifikirie, hasa kama uko bondeni, kwa sababu mfuko wa 80,000 kwa mwezi haujengi nyumba iliyoungua.

Hatua ya 9: Kama umelipia, dai bila kuwapa sababu

Kikiharibika, usikiguse. Zima breka, piga video ikionyesha tatizo na kibao cha namba, tuma siku hiyohiyo kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba. Simu piga pia ila maandishi ndo ushahidi, omba namba ya dai.

Fundi akija, muulize sababu na umwombe aiandike kwenye karatasi ya kazi kabla hajaondoka. Usimsaidie kukisia. Ukimwambia "nadhani umeme ulicheza bosi wangu" ataandika hivyohivyo na umejikatalia mwenyewe.

Wakikataa, omba barua inayotaja kifungu gani cha mkataba. Rudi kwenye nakala yako ukalinganishe, maana unaweza kukuta kifungu walichotaja hakisemi wanachosema.

Bado mnabishana, mlango unategemea aina uliyoiandika hatua ya 1. Duka au kampuni ya huduma iliyokudanganya, nenda Tume ya Ushindani, FCC. Kampuni ya bima, anza na dawati lao la malalamiko, alafu Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au TIRA. Kama umeme wa gridi ndo uliunguza vitu, kesi hiyo sio ya mkataba wako, andika TANESCO kwanza na uchukue namba ya taarifa, usiporidhika peleka EWURA, na hapo picha za multimita na majirani walioungua siku hiyohiyo wana uzito mkubwa.

Kote huko peleka nakala ya mkataba, risiti, video kwenye flashi, karatasi ya fundi na barua ya kukataliwa. Beba nakala mbili za barua yako, moja wabaki nayo, nyingine waigonge muhuri wa kupokea wenye tarehe na urudi nayo nyumbani.